Kaburi la Ozi na Mlango wa Mto Tana: Ukumbusho wa Njiani katika Masimulizi ya Fumo Liyongo

Uhakiki wa masimulizi ya Fumo Liyongo umekuwa, kwa muda mrefu, uhakiki wa tarehe. Tangu Edward Steere alipochapisha masimulizi ya nathari pamoja na tungo zinazohusishwa na shujaa huyu katika Swahili Tales mwaka 1870, wataalamu wameulizana aliishi lini, na majibu yao yameachana kwa karne kadhaa. Wapo wanaomweka kabla ya karne ya 14, na wapo wanaomsogeza hadi karne ya 16 au ya 17. Ibrahim Noor Shariff aliufufua mjadala huo katika makala yake ya mwaka 1991 kuhusu uhistoria wa Liyongo, nao Mulokozi na Sengo wakaugusa tena mwaka 1995 walipoandika historia ya ushairi wa Kiswahili. Mjadala una manufaa yake, na hapana haja ya kuudharau. Hata hivyo umelifunika swali jingine ambalo masimulizi yenyewe yanalijibu pasi na kusitasita, nalo ni mahali alipozikwa. Matini ya Steere inafungwa kwa kaburi ambalo, kwa mujibu wa msimulizi, lilikuwa lingali likionekana Ozi siku hizo. Makala haya yanadai kwamba kaburi hilo ni sehemu ya matini, na kwamba mhakiki asiyeijua hali ya mlango wa mto ulio karibu nalo huikosa maana ya tukio zito kuliko yote katika kisa, yaani kifo cha Liyongo kisimani.

Mito miwili, mlango mmoja

Msafiri wa leo anayetoka Garsen kuelekea Lamu huiacha barabara kuu huko Witu na kushika njia ya kusini hadi Kipini. Hapo hukutana na mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo, ukiingia katika Ghuba ya Ungwana, ambayo ramani za zamani ziliiita Formosa. Akiuliza jina la mto ataambiwa ni Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye urefu wa kilomita 1,000 hivi, unaoteremka kutoka nyanda za juu za Aberdare na Mlima Kenya. Akiuliza kaburi la Liyongo ataelekezwa papo hapo jirani, maana wenyeji huliweka Ozi au Kipini yenyewe, na majina hayo mawili hupokezana katika masimulizi. Ni rahisi basi kwa msafiri huyo kuhitimisha kwamba Liyongo alikuwa shujaa wa mlango wa Tana.

Hitimisho hilo lina kasoro. Ozi na Tana vilikuwa mito miwili. Tana wa kale uliingia baharini mbali kidogo, kusini-magharibi ya Kipini, ilhali mto uliopita Kau na kumwagika Kipini ulikuwa Ozi, mto mfupi ambao maji yake yalitawaliwa zaidi na kupwa na kujaa kwa bahari kuliko na mvua za bara. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuiunganisha mito hiyo, kwa faida ya vyombo vilivyobeba mpunga na pembe kutoka bara. Maji hayafuati nia ya mchimbaji. Mfereji uliokusudiwa kupitisha mitumbwi ulipanuka kwa nguvu ya mafuriko hadi mkondo mkuu wa Tana ukahamia katika mkono wa Ozi, na mlango wa zamani ukabaki kuwa mlango wa akiba.

Kwa hiyo Steere alipochapisha kitabu chake mwaka 1870, jina Ozi lilitaja mto mwingine kabisa na ule unaoonekana leo. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wanajiografia peke yao, lakini lina uzito katika uhakiki. Msimulizi aliyesema kaburi liko Ozi aliwasemesha watu walioufahamu mto huo kuwa mto wa bahari, wenye maji yanayobadilika ladha mara mbili kwa siku. Hadi leo wakulima wa mpunga wa Ozi huyategemea maji baridi ya mto yanayosukumwa juu na bahari inapojaa, wakiyaingiza mashambani kwa wakati wake. Pindi maji ya mto yanapopungua, chumvi hupanda, na shamba huharibika. Mabwawa yaliyojengwa juu ya Tana tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, likiwemo lile kubwa la Masinga la mwaka 1981, yamebadilisha mwendo wa mafuriko, na watu wa mlangoni ndio wanaoonja mabadiliko hayo kwa ulimi.

Shaka au Shanga

Mahali pa kisa pana utata mwingine ambao wahariri wengi wameupita haraka. Matini ya Steere inaanza kwa kutaja enzi ya kustawi kwa Shanga. Masimulizi ya upande wa Kipini yanataja Shaka. Shanga ni mji uliokuwa katika kisiwa cha Pate, ambao magofu yake yalichimbuliwa na Mark Horton katika miaka ya 1980, naye akaonyesha kwamba ulihamwa katika robo ya kwanza ya karne ya 15. Shaka ni magofu ya bara, mashariki ya Kipini, katika ufuo uleule wenye magofu ya Mwana na Ung'wana. Tofauti ya sauti moja, basi, yamvusha shujaa bahari.

Yawezekana kwamba mwandishi wa Steere, ambaye alifanya kazi yake Unguja, alisikia Shaka akaandika mji aliokuwa na habari nao. Yawezekana pia kwamba watu wa bara waliuvuta mji wa kisiwani hadi kwao. Makala haya yanaelekea upande wa kwanza, kwa sababu matini hiyohiyo inayoanza Shanga inamalizikia Ozi, na ni taabu kueleza kwa nini mtu aliyeishi na kufia kisiwani, karibu na kisima cha kisiwani, azikwe kwenye mlango wa mto wa bara. Mwanzo wa hadithi ni mwepesi kubadilika msimulizi anapobadilika. Kaburi huganda. Msikilizaji aliyekwisha kuonyeshwa kaburi hakubali lihamishwe, hata kama jina la mji limeteleza katika kinywa cha mpokezi.

Ung'wana inastahili neno moja. James Kirkman aliyachimbua magofu hayo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966 katika kitabu alichokiita kwa jina la mji na la mto. Kuna wanaodhani kuwa ndio mji wa Hoja ambao Wareno wa Tristão da Cunha waliuchoma mwanzoni mwa karne ya 16. Iwe ndio au siyo, misikiti na makaburi ya Ung'wana yanathibitisha kwamba ufuo huo, ambao leo una vijiji vichache, ulikuwa na miji yenye mali. Aliyezikwa Ozi hakuzikwa nyikani. Alizikwa kando ya njia iliyopitwa na wafanyabiashara, mabaharia, wakulima na wafugaji.

Kaburi kama dai

Makaburi ya njiani ni jambo la kawaida katika pwani hii, na yana lugha yake. Kaburi la nguzo la Mambrui, karibu na mlango wa mto Sabaki, lilipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa katika nguzo, na nguzo za Malindi zilizo kando ya msikiti wa Ijumaa zinaonekana na mpita njia kabla hajaukaribia mji. Nguzo hizo zilimweleza mgeni, hata asiyejua kusoma, kwamba mji una wenyewe na wenyewe wana mali. Wareno walipousimamisha msalaba wao wa jiwe huko Malindi baada ya safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1498, hawakuanzisha desturi mpya. Waliiga, pengine bila kujua, mazoea ya mahali ya kuweka jiwe pale ambapo chombo kinachoingia kitaliona. Ajabu ni kwamba jiwe la mgeni limepata nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule kuliko nguzo za wenyeji zilizolizunguka.

Kaburi la Ozi ni la namna nyingine. Jina la Liyongo hufika kaburini pamoja na msimulizi. Anayepita bila mwenyeji haoni lolote la kumwambia kwamba hapa amelala mtu aliyekata pingu kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, huku mama yake na kijakazi Saada wakimsaidia na watu wakicheza ngoma nje ya gereza lake. Ukumbusho wa aina hii ni nusu udongo, nusu maneno. Maneno yakikoma, udongo haujitetei.

Ndiyo maana ni muhimu kuuliza ni nani waliokuwa wakiyasema maneno hayo, na wakati gani. Masimulizi mengi yanayojulikana yalikusanywa kati ya miaka ya 1860 na mwanzo wa karne ya 20. Utendi maarufu wa Muhammad Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka 1913. Mwaka huohuo C. H. Stigand alichapisha habari za Pate alizozipata pwani, na Alice Werner, aliyekuwa amezuru pwani hii katika miaka hiyohiyo, akaanza kuchapisha utafiti wake juu ya Liyongo mwaka 1926. Sasa, katika nusu ya pili ya karne ya 19 bonde la Ozi lilikuwa na jirani wa pekee. Ahmad, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, alikuwa amekimbia nguvu za Sultani wa Unguja na kujenga makao Witu. Watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani walimfuata huko. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata mkataba naye. Mwaka 1890, baada ya Küntzel na Wajerumani wenzake kuuawa Witu katika utawala wa mrithi wake Fumo Bakari, kikosi cha Waingereza chini ya Admirali Fremantle kilikwenda kuuchoma mji huo mwezi Oktoba.

Katika muktadha huo kisa cha Liyongo hakiwezi kuwa kilisikika kama habari ya kale tu. Ni kisa cha mtu mwenye haki ya kutawala aliyefukuzwa na jamaa yake na kukimbilia bara, miongoni mwa watu wa msituni. Katika utendi wa Kijumwa anayemwinda ni mfalme wa Pate. Waliokisikia Witu na Kau katika miaka ya 1870 na 1880 walikuwa wakitawaliwa na mtu wa ukoo wa Pate ambaye yeye mwenyewe alikuwa amefukuzwa na kukimbilia msituni. Nabahani wa Witu alikuwa Pate na Liyongo kwa pamoja. Wahakiki waliokisoma kisa kama ushahidi wa karne ya 12 au ya 17 hawakujiuliza kilikuwa na kazi gani katika kinywa cha msimulizi wa mwaka 1870. Na kaburi lililoonyeshwa kwa mgeni Ozi lilidai jambo lililokuwa na maana kwa wakati huo, kwamba mfalme wa kwanza wa mto huu alikuwa mtu wa hapa, na kwamba Pate ndiyo iliyomdhulumu.

Ni vyema hapa kumkumbuka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Mshairi huyu anajulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, ambamo magofu na makaburi ya Pate yanamwonya mwanadamu juu ya hadaa ya dunia. Hukumbukwa kwa nadra kwamba ni yeye pia aliyezitia takhmisa beti zinazonasibishwa na Liyongo. Mkono mmoja uligusa mawe ya namna mbili. Katika Al-Inkishafi kaburi ni mahali ambapo madai yote hukoma, na tajiri na maskini hulingana. Katika jadi ya Liyongo kaburi ndipo madai yanapoanzia. Tofauti hii haijashughulikiwa ipasavyo, pengine kwa sababu Al-Inkishafi imesomwa kama ushairi wa dini na Liyongo kama utendi wa ushujaa, kila mmoja katika mhula wake wa masomo.

Kisimani

Tukio la kifo lenyewe halihitaji kusimuliwa kwa urefu. Mwana wa Liyongo anadanganywa kwa ahadi ya ufalme, anaivumbua siri ya baba yake, kisha anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo anaamka, anashika uta na mshale, anakwenda karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anauvuta uta na kufa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali wakidhani yu hai. Hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita, mji unateseka kwa kiu, mpaka mama yake anapoletwa kumbembeleza kwa nyimbo, na mwishowe mwili unaanguka.

Wahakiki wameyasoma haya kama kilele cha ushujaa, kwamba hata maiti ya shujaa inatisha. Usomaji huo ni sahihi kwa kiasi chake, ila unaacha jambo moja bila maelezo. Mji huu uko karibu na mto. Kwa nini basi watu wafe kwa kiu kwa sababu ya kisima kimoja? Msomaji wa Nairobi, au hata wa Lamu, anaweza kulipita swali hili. Mtu wa Ozi hawezi. Mto wa bahari haunyweki kila saa, na katika ufuo wa Shaka na Ung'wana maji matamu ni yale ya visima tu. Anayekishika kisima ameushika mji. Liyongo, aliyenyimwa kiti cha enzi katika uhai wake, anatawala kwa siku chache akiwa maiti, kwa kuketi pale ambapo uhai wa mji unatoka. Tukio hili linaeleweka barabara kwenye mlango wa mto wenye maji ya chumvi, na halieleweki vizuri kwingineko. Hiyo ni hoja ya ndani ya matini, isiyotegemea tarehe yoyote, inayounga mkono Shaka na Ozi dhidi ya mahali pengine palipopendekezwa, ingawa lazima ikubaliwe kwamba visiwani nako visima ni adimu na hoja hii haiwezi kusimama peke yake.

Kuna upande wa pili wa kisima hicho. Mwana aliyemuua baba yake si wa mjini kwa pande zote mbili. Katika utendi wa Kijumwa, watu wanaoitwa Wagala, walipoona nguvu za Liyongo, walitaka mbegu yake wakamwoza binti yao, na kutokana na ndoa hiyo akazaliwa mwana. Jina Wagala lilitumiwa na watu wa pwani kwa wafugaji wa bara ambao wenyewe hujiita Waorma, na leo linahesabiwa kuwa la dharau. Kisa kizima kimejengwa juu ya ndoa kati ya mji na malisho. Kinachoiharibu ndoa hiyo ni ahadi ya uongo kutoka ikulu. Wafugaji hawamuui Liyongo. Anauawa na mfalme aliyemtumia mtoto wa ndoa yao, na mtoto huyo hakupata alichoahidiwa.

Kusoma hivyo kuna uzito katika delta ya leo. Mwaka 2012, katika mgogoro wa ardhi, malisho na maji kati ya Wapokomo na Waorma, zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Riketa mnamo tarehe 22 Agosti. Tarehe 10 Septemba watu wasiopungua 38, wakiwemo polisi 9, waliuawa Kilelengwani, si mbali na Ozi. Mashambulizi yakaendelea hadi mapema mwaka 2013. Mwaka huohuo wa 2012 delta iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, jambo ambalo lilihusu ndege, samaki na mikoko zaidi kuliko makaburi. Ingekuwa upuuzi kudai kwamba utendi wa mwaka 1913 ulitabiri haya. Lakini si upuuzi kuona kwamba jamii zilezile, mto uleule na suala lilelile la nani aje kunywa maji na lini, ndizo zilizokuwa malighafi ya kisa, na kwamba kisa kilizikutanisha katika nyumba moja kabla ya kuzitenganisha.

Kwa sababu hiyo upungufu mmoja wa mkusanyo uliopo unasikitisha hasa. Matini zilizozaa uhakiki ni za Unguja kwa Steere na za Lamu kwa Kijumwa, na hata kazi kubwa ya kukusanya na kuhariri nyimbo za Liyongo iliyofanywa na kikundi cha wataalamu na kuchapishwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 21 ilijengwa zaidi juu ya hati za watu wa visiwani. Wapokomo wa Tana ya chini wanamtaja Liyongo, nao wanatajwa katika uhakiki pembezoni. Namna Waorma wanavyoisimulia ndoa ya binti yao, ikiwa wanaisimulia, haimo katika matini zinazofundishwa. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angefanya vyema kuanzia Kau na kuteremka na mto hadi Kipini, akiuliza katika kila kijiji kaburi liko wapi, nani aliyemwonyesha anayemwonyesha, na mama wa muuaji aliitwa nani. Mama wa Liyongo anakumbukwa kwa jina la Mbwasho. Kijakazi Saada anakumbukwa. Binti aliyeozwa ili mbegu ipatikane anapita katika utendi kwa beti chache tu, kisha mwanawe anashika sindano.